Barua kwa mwanangu Shija: fungua mdomo kabla hujaenda Dar

Igoma, Mwanza

Mwanangu Shija,

Marahaba, salamu zako Doto kanifikishia. Na habari nyingine kanipa huyohuyo Doto, kwamba umeaga dukani huko Geita na mwezi ujao unakwenda Dar kutafuta kazi ya ukalimani kwa Wachina. Sikukatazi. Kijana aliyejifunza Kichina kwa simu, bila mwalimu wala ada, mpaka akawa anasoma wanachoandikiana, huyo siwezi kumwambia arudi kuuza misumari. Ila Doto anasema hajawahi kukusikia ukikitamka. Wewe unasoma tu, kimyakimya, usiku. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Mkalimani anakula kwa mdomo wake na sikio lake. Mtu akishazungumza hakungoji ufungue kamusi.

Najua utanijibu habari za cheti. HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya tatu kwa ule muundo wa ngazi sita, unataka maneno 600. Maswali ni 80, yaani 40 ya kusikiliza, 30 ya kusoma na 10 ya kuandika, na ukipata 180 kati ya 300 umefaulu. Swali la kuzungumza halimo hata moja. Kuzungumza kuna mtihani wake peke yake, HSKK, ambao unasikia na kujibu huku sauti yako inarekodiwa. Kwa hiyo unaweza kushika cheti cha HSK mkononi na usiweze kumsalimia mtu akakuelewa. Tena viwango vipya vya ngazi tisa vilitangazwa 2021, basi kabla hujalipa hata senti uliza Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanatahini kwa muundo upi. Usilipe kwa kusikia kwa rafiki zako.

Sasa toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Mǎi kwa toni ya tatu, ile inayoshuka ikabaki chini, ni kununua. Mài kwa toni ya nne, inayoanguka kwa kasi, ni kuuza. Wanunuzi wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki, ninaowauzia hapa Mwanza maneno hayo mawili wanayatumia kutwa nzima. Ukiyachanganya mbele yao, mwenye mzigo anageuka kuwa mteja. Yú ya kupanda ni samaki, yǔ ya chini ni mvua. Macho yako yanaona alama juu ya herufi na kuridhika, lakini mdomo haujafanya kitu.

Wewe si mgeni wa mambo haya, kwa bibi yako Magu umekulia kwenye Kisukuma, na Kisukuma kinapandisha na kushusha sauti. Tatizo ni kwamba unasoma Kichina kwa mdomo wa Kiswahili. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiuliza swali sauti inapanda. Ukifanya hivyo kwenye Kichina, neno la mwisho linahama toni na maana inaondoka nayo. Ukiuliza swali weka neno ma mwishoni, sauti ya maneno iache kama ilivyo.

Usijifunze toni kwa neno mojamoja. Kwenye mazungumzo zinakwenda mbilimbili. Toni nne za mwanzo ukizioanisha na nne pamoja na ile hafifu ya tano, unapata jozi 20. Tafuta neno moja la silabi mbili kwa kila jozi, uyaandike kwenye karatasi moja, na uyatamke yote kwa sauti kila asubuhi. Jozi ya tatu na ya tatu ina sheria yake: ya kwanza hugeuka kuwa ya pili, ndiyo maana salamu ya nǐ hǎo husemwa ní hǎo ingawa haiandikwi hivyo. Na bù, yaani si, ikifuatwa na toni ya nne inapanda, unasema bú shì, siyo. Haya usiyasome tu, mwanangu. Yaseme.

Halafu pumzi. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo. Kwenye p, t, k, q, ch na c lazima kipeperuke. Kwenye b, d, g, j, zh na z kitulie. Watu wengi huku kwetu wanatamka zote sawa na kushangaa hawaeleweki. Na ile u inayokuja baada ya j, q, x na y si u yetu: sema i, kisha bila kusogeza ulimi viringisha midomo kama unasema u. Hata yú ya samaki ni hiyo.

Kila siku chukua rekodi ya sentensi fupi iliyosemwa na Mchina mwenyewe. Sikiliza mara tatu bila kuangalia maandishi, rudia, jirekodi kwa simu, kisha zisikilize mbili zikifuatana. Utachukia sauti yako, lakini endelea. Sentensi tano zilizokaa sawasawa zinakutosha kwa siku. Kadi za Anki, ile programu ya simu ya kukariri maneno, ni nzuri, ila maneno mapya yasizidi 10 kwa siku, kwa sababu ya leo yanarudi kesho na keshokutwa, na baada ya wiki chache unajikuta na marudio 70 au zaidi kila asubuhi. Hapo ndipo watu wanapoacha. Kadi yenyewe iwe na sauti. Kamusi ya Pleco inafanya kazi bila bando, ukishaipakua umemaliza.

Herufi nitazipita haraka kwa sababu unazipenda. Zisome kwa vipande vyake: 河 mto na 湖 ziwa zote zina maji yale ya matone matatu upande wa kushoto.

Kitu kitakachokufukuzisha kazi ni hesabu. Sisi tunahesabu kwa maelfu na laki, wao kwa wàn, yaani 10,000. Laki moja na nusu ni shíwǔ wàn. Milioni moja ni yìbǎi wàn. Ondoa sifuri nne, kinachobaki ndicho unachotamka. Zoea kwa kutaja bei za sokoni kwa sauti unapopita. Kwenye uzito, jīn ni nusu kilo. Kilo nzima ni gōngjīn. Bei ya kilo ukiitaja kwa jīn umeipandisha mara mbili, na pande zote mbili zitakugeukia wewe. Saa nazo, ongeza sita: saa mbili asubuhi ni bā diǎn, nane yao. Mbili ya kuhesabu tu ni èr, lakini samaki wawili ni liǎng tiáo yú, na hiyo tiáo, neno la kuhesabia samaki, ishike kama unavyoshika ngeli. Siku na mahali vinatangulia kitendo, mimi kesho Mwanza kununua samaki, ndivyo wanavyopanga.

Umejitahidi, Shija, na nimewaambia watu wa hapa wote. Lakini mwaka mzima kuishi Geita na Wachina wapo hapohapo, usiwasogelee hata kwa salamu, huo ni uoga, na uoga huo utasafiri nao.

Ile hela ya kozi uliyoniomba mwaka jana imeingia kwenye mabati, utayaona ukija. Jiko bado linavuja upande wa kwa jirani. Kashinje anahitaji sare kabla shule haijafunguliwa, kwa hiyo usimtumie hela ya viatu vya mpira, tuma ya sare. Mama yako mdogo wa Mbagala kakubali ukae kwake miezi mitatu. Nitakupa gunia la dagaa umpelekee, na ule mkopo wake wa simu umlipe kabla hujalala hapo.

Basi lako lisipitilize. Kutoka Geita ukishavuka daraja la Kigongo–Busisi uko karibu, shuka Mwanza ukae nasi siku mbili. Na kila Jumapili kuanzia hii nirekodie sentensi 10 kwa sauti yako, uzitume kwenye simu ya Doto, mimi nitazisikiliza. Nikisikia mài palipotakiwa mǎi nitakurudishia uirekodi tena.

Mama yako