Mita 200 za mteja wa kiti mwendo

Kuanzia Mei, msimu unapokaribia, simu zinazotufikia karakana, sisi tunaofunga viti mwendo kwenye magari ya uwindaji, zinafanana. Wakala wa safari za uwindaji ana mteja wa Marekani, mteja anatumia kiti mwendo, anatua Julai, anataka nyati. "Ninyi nifungieni tu kiti juu ya Land Cruiser, atapigia humohumo." Tukimtajia bei, na tukimwambia kwamba karatasi zilipaswa kupelekwa miezi mingi iliyopita, tunageuka wezi. Mwaka huu mmoja kaenda kuandika kwenye kundi la mawakala kwamba tunauza "barua ya bure", yaani ile ruhusa ya kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari. Haya, tuizungumzie hiyo barua.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Na. 5 ya 2009, inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari au ndani ya mita 200 kutoka lilipo gari. Gari ni la kukufikisha mawindoni na kukurudisha kambini, basi. Ruhusa ya kufanya kinyume ipo, ila ni ya maandishi, inatoka kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori, na inaombwa kabla. Maombi yanapita kwa kampuni yenye kitalu, yaani eneo la kuwindia, si kwetu. Sisi tunaandaa kinachoambatanishwa: maelezo ya daktari juu ya kile mteja anachoweza na asichoweza, mchoro wa gari lilivyofungwa kiti, vipimo, na maelezo ya jinsi atakavyoshuka na nani atamshika. Uamuzi si wetu na hatujawahi kumwahidi mtu jibu. Anayelipa kwetu analipia kazi hiyo, na kazi hiyo haifanywi kwa usiku mmoja.

Wateja wenyewe siwalaumu sana. Kwao Michigan kuna kibali cha mtu mwenye ulemavu kuwinda akiwa ndani ya gari lililosimama, na Wisconsin wanacho cha namna hiyo. Mtu amewinda hivyo miaka mingi, anadhani kadi yake ya kule inasomeka hata kwenye pori la akiba la Rungwa. Wa kumweleza ni wakala, na wakala anaogopa kupoteza kianzio, kwa hiyo ananyamaza.

Njia ya mkato ninayoiona zaidi ndiyo hiyo ya kunyamaza. Fomu zinajazwa kama vile mteja anatembea, halafu "tutamalizana porini". Porini yupo askari wa wanyamapori anayefuatana na msafara wowote wa uwindaji wa kitalii, na kila mnyama akianguka anaingizwa kwenye kibali. Kampuni moja ya kusini ilifika kitaluni hivyo. Askari akauliza barua iko wapi, hakuna. Akasema gari lisimame mbali na mteja ashuke. Ashukeje? Kiti chake kilikuwa cha hospitali, vigurudumu vya mbele vyembamba kama vya kitoroli cha dukani, vikazama kwenye mchanga hatua ya kwanza. Wakatupigia kwa simu ya setilaiti, tukawapelekea kiti kwa ndege ya kukodi. Ile ndege peke yake iliwagharimu zaidi ya kazi nzima tuliyokuwa tumewapigia hesabu Februari wakaikataa. Siku za safari nazo zilikuwa zinahesabika, na mteja analipia kila siku, awinde asiwinde.

Ukweli ni kwamba mara nyingi barua hiyo haihitajiki kabisa, na hapa ndipo watu wanapotuelewa vibaya. Ukiwa na kiti kinachofaa, mita 200 zinatembeka. Tunacho cha gurudumu moja kubwa katikati, mikono mbele na nyuma, kinabebwa na watu wawili. Vya aina hiyo vimeshapandisha watu Kilimanjaro. Kwenye nyasi fupi na udongo mkavu, msoma nyayo mzuri anatangulia na kiti kinafuata bila shida. Kwenye udongo mweusi baada ya mvua usijaribu, hata wenye miguu yao wanakwama.

Nyati ndiye mgumu. Anafuatwa kwa nyayo kilomita nyingi, na akigeuka, wale wawili walioshika mikono ya kiti hawana mkono wa kushikia bunduki. Kwa hiyo tunasisitiza awepo mwindaji bingwa wa pili, yule anayemwongoza mteja na kumlinda kwa bunduki, na gharama hiyo tunatupiwa sisi lawama ingawa haiingii mfukoni mwetu hata shilingi. Tungekuwa tunapenda pesa tu, tungemwacha mteja aende na mmoja.

Chui ni afadhali sana kwa mtu wa kiti. Anawindwa kwa chambo, mwindaji anakaa kwenye kibanda cha kuvizia, na mbio hazipo. Lakini kibanda kina mambo yake. Usiku hairuhusiwi kupiga, kwa hiyo mtu anaingizwa mchana jua likiwa bado kali na anakaa kimya mpaka jioni. Aliyeumia uti wa mgongo kwa juu mara nyingi hatoi jasho vizuri, mwili unapata moto bila yeye kujua. Hahisi pia pale makalio yanapogandamizwa, na kidonda cha mgandamizo kinaanza kwa saa chache tu na kupona kwake ni miezi. Mto tunaouweka una sababu. Mteja mmoja aliung'oa na kukalia blanketi lililokunjwa kwa sababu mto "ulimpandisha juu mno". Mkewe alikuwa naye, ni nesi, alimfokea mbele yetu sote na mto ukarudi.

Halafu kelele. Mkanda wa kunata ukibanduliwa ndani ya kibanda, chui keshajua. Breki za kiti zinalia ta! Tunabadilisha zote, tunafunga vifungo vya ngozi, tunapaka grisi kila kiungo. Vitambaa vyeusi na vya bluu tunavivika kaki, maana mbung'o wanazifuata rangi hizo na viti vingi kutoka kiwandani ni vyeusi. Matairi ya upepo tunayatoa, miba ya migunga haiyaachi. Ukiona kwenye ankara "kutuliza kiti" usicheke, ni siku mbili za fundi.

Suala la teke la bunduki, inavyorudi nyuma ikipigwa, nalo wengi hawalifikirii. Kwa nyati au simba kiwango cha chini cha bunduki ni ya kipenyo cha risasi .375, na bunduki hiyo ikipigwa na mtu aliyekaa kwenye kiti chepesi, kiti kinainuka mbele. Tumeona kikipinduka kwenye uwanja wa shabaha, mtu wetu akiwa amesimama nyuma kwa ajili hiyohiyo, akakidaka. Tunafunga vyuma vya kuzuia kupinduka na tunataka mteja apige risasi kadhaa hapa kabla hajaenda kitaluni. Wakala mmoja alipendekeza eti aje na bunduki inayojipakia yenyewe, teke lake dogo. Hiyo hairuhusiwi kuwindia, na angekwama nayo uwanja wa ndege. Kumbukeni pia kwamba mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa kama aliyeuawa. Risasi moja ya kiti kilichotikisika inaweza kuzidi ankara yetu yote.

Kuhusu mafundi wa kuchomelea wa mtaani, sina ugomvi nao, wengine nimewafundisha mimi. Lakini usichomelee pete za kufungia kiti kwenye bati la bodi. Gari moja lililetwa hapa pete mbili zimechomoka na bati lake, kwenye korongo, na mteja aliponea kwa sababu alikuwa amejishika bomba. Sisi tunatoboa mpaka chasisi, bolti nne, mikanda minne, kiti kikitazama mbele. Bei ya bolti ni ndogo. Bei ni ya kushusha tangi na kupanga upya nyaya ili utoboe pasipo na kitu.

Msimu unafunguliwa 1 Julai. Mteja wa Julai au Agosti tunataka taarifa zake mwisho wa Januari: maelezo ya daktari, uzito wake, mnyama anayemtaka, kitalu, picha ya kiti pande zote nne, na picha ya mlango wa choo cha kambi. Na upana wa kiti pimeni nje ya gurudumu mpaka nje ya gurudumu la pili. Msitutumie upana wa pale anapokalia.