Matofali ya London yana umri mkubwa kuliko moto

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya majengo ya London nimeisoma kwa raha, ila pana mahali imeteleza. Mwandishi anadai kuwa nyumba za safu za matofali zilianza baada ya ule moto mkubwa wa 1666. Siku akija huku, apande basi hadi Newington Green, kaskazini mwa jiji. Nambari 52 hadi 55 ni nyumba nne zilizobanana bega kwa bega, na zilijengwa mwaka 1658. Moto ulikuwa bado miaka minane! Sheria iliyotungwa baada ya moto ilidai matofali au mawe ndani ya jiji, lakini mafundi walikuwa wameshaijua kazi hiyo.

Ukisimama kwenye bustani iliyo mbele ya nyumba hizo utaona kila nyumba ina ncha yake ya paa iliyoelekea mbele, utadhani ni ndugu wanne waliopangwa kupigwa picha. Chini pameshageuzwa maduka, kwa hiyo inua macho. Katika nambari 54 aliishi Richard Price, mchungaji aliyebobea pia katika hesabu za bima ya maisha.

Jambo jingine makala haikuligusa, nami kama mwashi mstaafu siwezi kulinyamazia. Matofali ya zamani yaliunganishwa kwa chokaa, si saruji. Chokaa ni laini na hupitisha unyevu. Maji ya mvua yakiingia ukutani hupata njia ya kutokea kwenye viungo. Wazee wetu wa Lamu na Unguja walilijua hilo kwenye kuta zao za mawe ya matumbawe. Saruji huziba njia hiyo, maji yakabaki ndani ya tofali, na baridi ya Januari ikiyagandisha, yanavimba na kulipasua.

Mkandarasi mmoja aliwahi kutupeleka kwenye nyumba kuukuu ambayo viungo vya matofali yake alivijaza saruji miaka michache kabla. Nilipitisha kidole gumba kwenye tofali, uso wake ukabanduka kama ganda la chapati iliyoungua, ndani unga mwekundu mtupu. Saruji yenyewe ilikuwa nzima, imetokeza mbele ya matofali kama mbavu za punda mwenye njaa. Tulitumia wiki tatu kuichimbua kwa patasi na nyundo, maana mashine ingekula kingo za matofali, tukajaza chokaa upya. Mkandarasi alilalamika kwamba chokaa inachelewa kukauka.

Msomaji wenu,
London