Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi

Wanachama wenzangu,

Hesabu mmekwisha kugawiwa, na mweka hazina atazieleza. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: mpango wa kiini (sehemu ya kinu inayobeba fueli) na fueli ya vinu vya nyuklia vya nyutroni za kasi, yaani chembe zitokazo atomu zinapopasuka na zisizopunguzwa mwendo, vinavyopozwa kwa gesi.

Mnajua kinachotuvuta huko. Katika urani ya asili ni 0.7% tu iliyo urani-235. Karibu yote iliyobaki ni urani-238, na nyutroni za kasi huweza kuigeuza kuwa plutoni-239, fueli mpya. Kinu cha BN-600 huko Urusi kimetumia nyutroni hizo kutoa umeme tangu 1980, lakini hupozwa kwa sodiamu, ambayo huwaka ikikutana na hewa. Heliamu, gesi ya kupozea tunayoikusudia, haiwaki.

Hata hivyo, hakuna kinu cha kasi cha gesi kilichowahi kujengwa popote, ingawa michoro ilianza miaka ya 1960. Kikwazo kikubwa ni joto baki. Kinu kikishazimwa, fueli huendelea kutoa takriban 6% ya nguvu yake, kisha joto hilo hupungua polepole. Vinu vya kawaida vya gesi vina grafiti nyingi ya kulimeza. Kinu cha kasi hakiwezi kuwa nayo, kwani grafiti hupunguza kasi ya nyutroni. Heliamu ikivuja, fueli hubaki na joto lake.

Ndiyo maana, katika mjadala mrefu kati ya waliotaka tuanze na hesabu za kiini na waliotaka fueli kwanza, niliunga mkono fueli, na bado nasimama hapo. Wafaransa walipobuni kinu cha megawati 2,400 za joto, heliamu ikitoka kwa nyuzi 850, ilibidi wafikirie fueli ya kabidi (iliyochanganywa na kaboni) ndani ya ala, yaani ganda la fueli, ya seramiki, kwa kuwa chuma kisingestahimili. Mradi wa ALLEGRO wa Ulaya ya Kati, wa megawati 75, umepanga kuanza na fueli ya oksidi (iliyochanganywa na oksijeni) katika ala ya chuma, kisha kujaribu seramiki humo humo. Huo ndio utaratibu wa busara.

Kenya haina hata kinu cha utafiti. Lakini OpenMC, programu ya kompyuta ya kukokotoa mienendo ya nyutroni kinuni, ni ya bure, na vijana wetu wanaimudu vizuri. Najivunia sana kazi yao. Naomba mkutano uidhinishe kikundi cha fueli kiendelee mwaka ujao, yeyote atakayechaguliwa mwenyekiti leo.