Mama hataki fimbo, mwenye nyumba hataki tutoboe ukuta

Anti shikamoo. Naomba unishauri maana hapa nyumbani tunakaribia kugombana. Mama yetu ana miaka 76, tumemleta Mbagala kutoka Muheza baada ya mzee kufariki, ana presha, goti la kushoto linamsumbua na jicho moja lina mtoto wa jicho. Kule kwake alizoea sakafu ya udongo, huku kwangu ni tiles nyumba nzima, bafuni ndo balaa, zile za kung'aa kabisa, na yeye lazima aamke alfajiri kutawadha, giza, ndala zimelika soli, kanga inaburuza chini. Ramadhani iliyopita akateleza akaangukia ubavu, alhamdulillah nyonga haikuvunjika ila tangu siku hiyo anatembea huku anapapasa ukuta.

Daktari alisema dawa za presha zinaweza kuishusha ghafla akiinuka haraka, kwahiyo akae kwanza pembeni ya kitanda mpaka kizunguzungu kiishe ndo asimame, hilo kakubali. Taa ya kuchaji nimeweka koridoni (umeme wenyewe mnaujua), kile kizulia cha mlangoni nimekitoa na ndala nimetupa nikamnunulia sendo zenye mkanda wa nyuma.

Sasa choo chetu ni cha kuchuchumaa, kuinuka pale ndo kazi, nikaleta fundi afunge chuma cha kushikia, mwenye nyumba akaja juu eti tiles zake hazitobolewi hata moja, nikamwambia zikipasuka nalipa, wapi. Kuna vile vishikio vya plastiki vya kunyonya ukuta ila naviogopa, mtu mzima akijivuta pale si kitabanduka naye?

Halafu fimbo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpimia vizuri, mpini unafika usawa wa kifundo cha mkono, akamwelekeza aishike mkono wa kulia maana mguu mbovu ni wa kushoto, mama akaitikia ndio baba, ndio baba, kufika nyumbani kaiegesha nyuma ya mlango mpaka leo. Anasema yeye hajawa kikongwe.

Dada yangu mkubwa anataka mama akae tu kwenye kiti, maji ya udhu aletewe kwenye beseni, basi. Mi nakataa, maana tuliambiwa mzee akikaa tu misuli ya mapaja inaisha nguvu ndo ataanguka zaidi, na kapewa zoezi la kuinuka na kukaa kitini kila siku. Nikimsimamia afanye, dada anasema namtesa mama.

Anti, mwenye nyumba nimwingieje, au kuna namna ya kuweka kitu imara chooni bila kutoboa? Kuhama sasa hivi siwezi, kodi ya miezi 6 nimeshalipa. Na fimbo amwambie nani akasikia, mimi kwake bado mtoto. Nawaza kumpigia mjomba, kaka yake, ambaye anatembea na mkongojo siku nyingi tu, ila naogopa mama ataona nimemshtaki kwa kaka yake.

Kijana wenu, Mbagala