Rili ya maski hununuliwa kwa ajili ya chambo, si kwa ajili ya samaki

Kila Mei ikianza, meza yangu ya kazi hapa Brooklyn Park, Minnesota, hujaa rili zinazokoroma, vile vyombo vya kukunjia mshipi wa kuvulia, za wavuvi wa maski, samaki mkubwa wa maji baridi wa huku. Neno si langu, ni la wateja: "Fundi, rili yangu inakoroma." Ya karibuni aliileta kijana mmoja wa Eldoret anayeendesha trela. Aliishika kwa mikono miwili kama aliyebeba kuku mgonjwa.

Nilifungua skrubu, nikatoa kifuniko cha upande wa mpini. Grisi, ambayo ikiwa mpya huwa na rangi ya asali, imegeuka nyeusi tii, na ndani yake zinametameta chembe za shaba kama vumbi la sonara. Meno ya gia kubwa yamelika mpaka yamechongoka. Rili hiyo imetumika msimu mmoja tu.

"Ulikuwa unarusha nini?"

Akanionyesha kwenye simu: chambo cha vijiko viwili namba 10, vile vinavyozunguka mbele ya mkia wa nyuzi nyingi. Rili yenyewe ni ndogo, ya samaki wa kilo mbili, na gia yake ni ya mbio: 8 kwa 1. Hapo sikuwa na swali lingine.

"Lakini fundi, sijapata hata samaki mmoja. Imeharibikaje?"

Hilo swali lake ndilo limenikalisha kuandika, kwa sababu wengi wetu tunaingia dukani tukimfikiria samaki. Maski si samaki wa kudharau: kwa sayansi ni Esox masquinongy, mwembamba mrefu, ana mdomo kama wa mzia wetu wa pwani na tabia mbaya kama hiyohiyo. Katika maji mengi ya Minnesota huruhusiwi kubaki naye akiwa chini ya inchi 54, yaani sentimita 137, na karibu kila anayemvua humrudisha. Basi mtu akiona picha ya jitu kama hilo anatafuta rili yenye nguvu ya kulizuia. Kumbe kulizuia ni dakika chache, tena siku ambayo amekubali kula. Wenyeji humwita samaki wa mirusho elfu kumi, na wanaosema hivyo hawatanii sana.

Sasa fanya hesabu ya siku ya kawaida. Ukirusha mara 400 kutoka asubuhi hadi jioni, na kila mrusho ni mita 25, umekunja mshipi wa kilomita 10. Rili inayoingiza sentimita 70 kwa kila mzunguko wa mpini, umeizungusha zaidi ya mara 14,000. Hizo 14,000 zote ulikuwa unavutana na chambo. Samaki hajaonekana. Kinachoua rili ni chambo, na kinachoua kifundo cha mkono wako ni chambo hichohicho.

Kwa hiyo mteja akiniuliza rili ipi anunue, namwambia kwanza afungue sanduku lake.

Vyambo vya maski viko vya aina mbili kwa mtazamo wa fundi. Kuna vile ambavyo rili ndiyo inayovitembeza: vya vijiko, na vile vya midomo mipana vinavyopiga mbizi. Unarusha, unakunja mfululizo, na maji yanakuvuta nyuma muda wote. Halafu kuna vile ambavyo fimbo ndiyo inayovitembeza: vya mbao vya kushtua kama Suick, vya kuyumba kushoto na kulia, na vya mpira kama Bull Dawg. Hivi unavipiga kwa fimbo, chambo kinaruka au kinazama, na rili kazi yake ni kuokota mshipi uliolegea tu.

Aina ya kwanza inataka gia ya polepole. Ya pili inataka gia ya haraka, maana samaki akigonga wakati mshipi umelegea, utavuta fimbo na ndoano haitamwingia.

Namba ya gia, kama 5.3 kwa 1, maana yake ni kwamba mpini ukizunguka mara moja, spuli, yaani lile pipa dogo linalobeba mshipi, huzunguka mara 5.3. Watu wanaiona kama namba ya mwendo. Mimi naiona kama namba ya uzito. Tuseme chambo kinavuta kilo 1 majini, spuli ina nusu kipenyo cha sentimita 2, na mpini una urefu wa sentimita 5 kutoka katikati hadi kwenye kishikio. Kwa gia ya 7.1, mkono wako unasukuma karibu kilo 2.8, bila kuhesabu msuguano. Kwa gia ya 5.3 unasukuma kilo 2.1. Ukiweka na mpini wa sentimita 6 unashuka chini ya kilo 1.8. Samaki ni yuleyule na ziwa ni lilelile, ila kufikia saa kumi jioni mmoja bado anarusha na mwenzake amekaa kwenye boksi la barafu akijikanda mkono.

Na mzigo huo usidhani unabebwa na mkono peke yake. Unapita kwenye meno mawili au matatu ya gia yaliyoshikana kwa wakati mmoja. Gia ya mbio ina pinioni ndogo, yaani ile gia ndogo inayozungushwa na gia kubwa, na kwenye rili ndogo jino lake ni jembamba. Ndiyo ile shaba niliyoikuta kwenye grisi.

Jambo wasilokuambia kwenye boksi: gia peke yake haisemi mwendo. Spuli yenye kipenyo cha sentimita 4 ina mzingo wa karibu sentimita 12.6. Kwa gia ya 5.3 inaingiza sentimita 67 kwa mzunguko. Gia ya 7.1 inaingiza karibu 89. Lakini acha spuli nusu tupu, kipenyo kishuke hadi sentimita 3, na ile gia ya 7.1 inarudi kwenye sentimita 67. Nimewahi kuletewa rili "iliyokuwa mzembe" na dawa yake ikawa kuongeza mshipi. Ijaze mpaka ibaki milimita mbili au tatu kabla ya ukingo. Na kama unataka mwendo bila kuumia, tafuta spuli kubwa yenye gia ya wastani badala ya spuli ndogo yenye gia ya mbio.

Kuhusu ukubwa, watengenezaji wengi siku hizi hutumia namba 300, 400 na 500. Namba hizo si kipimo rasmi, 400 ya huyu si lazima ilingane na 400 ya yule, lakini zinasaidia. Ya 300 inatosha vyambo vya hadi aunsi 3 hivi, gramu 85. Ya 400 ndiyo naiuza zaidi, nayo hubeba karibu kila kitu mtu wa kawaida anachorusha. Ya 500 ni ya wale wa vyambo vya mpira vya ratili nzima. Vipo kweli, gramu 450 za mpira kwenye ncha ya fimbo. Shimano Tranx, kwa mfano, ile ya 400 ina gia ya 5.8 au 7.6, na ya 500 ina 4.6 au 6.6. Ukiona mtu ana mbili za 500, ya 4.6 kwa vijiko na ya 6.6 kwa mpira, ujue huyo alishaumia bega.

Anayetaka moja tu, na wengi wetu tuna familia za kulisha hapa na nyumbani, achukue ya 400, gia karibu na 6, mpini mrefu wenye vishikio vikubwa. Haitakuwa bora kwa lolote, ila haitakutesa kwa lolote pia.

Rili za mviringo, zile za zamani kama Abu Garcia Ambassadeur 6500, bado nazipenda. Zina uzito na ni nene kiganjani. Mwenye mkono mdogo atachoka kuzishika kabla hajachoka kuzikunja, lakini gia ya 5.3 na ubavu wa chuma ni vitu vya kuaminika. Kwa kuburura nyuma ya boti, sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Mshipi: wa kusukwa, paundi 80, ambazo ni kilo 36. Wateja wapya hushangaa kwa nini mshipi wa kilo 36 kwa samaki wa kilo 15. Jibu ni lilelile, chambo. Siku mshipi ukijitatiza katikati ya mrusho, spuli inasimama ghafla na chambo cha gramu 200 bado kiko mwendo kasi. Mshipi mwembamba unakatika pale pale, nacho kinaendelea na safari. Utasikia tu "chubwi" kwa mbali, dola zako 30 hizo. Mshipi mwembamba una kosa la pili: unapovuta kwa nguvu unajichimbia katikati ya mizunguko ya chini yake, na mrusho unaofuata unakwama. Mbele uweke waya au fluorokaboni nene, ule mshipi mgumu wa plastiki, maana meno ya maski yanakata mshipi wa kusukwa kama uzi wa kushonea.

Breki za kurushia, zile zinazozuia spuli isizunguke kupita kiasi unaporusha, hazininyimi usingizi. Chambo kizito kinavuta mshipi chenyewe, hivyo hata breki ya kawaida inatosha, na gumba lako ndilo breki ya kweli. Dregi nayo, ile breki ya kumlegezea samaki, usinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi hufunga mahali fulani kati ya kilo 7 na 9 kwa mizani ya kuning'iniza, na rili nyingi za 400 hufika hapo. Angalia iachie laini, isishtuke.

Kitu ninachokikagua kabla ya vyote ni beringi ya njia moja, ile inayozuia mpini kurudi nyuma. Hiyo ilinifundisha adabu.

Novemba moja nilikuwa kwenye ziwa la Mille Lacs, baridi imeshika mpaka pete za fimbo zinaganda barafu. Mimi fundi, usiku uliotangulia nilikuwa nimeisafisha rili yangu mwenyewe na kuipaka grisi bila ubahili, mpaka ndani ya beringi hiyo. Beringi ya njia moja ina vijiti vidogo vinavyotakiwa kuserereka na kubana mara moja. Grisi nzito kwenye baridi inavishika visibane. Mchana kutwa rili ilikunja vizuri, maana ukikunja mbele hugundui kitu. Saa tisa alasiri nikaona kivuli kinafuata chambo mpaka kwenye boti. Nikazamisha ncha ya fimbo na kuchora namba nane majini, kama inavyopasa, mara ya kwanza, ya pili, na kwenye kona ya tatu akafungua mdomo. Nikavuta. Mpini ukarudi nyuma kwa kasi, ukanigonga vidole mara nne au tano kabla sijaachia. Samaki alikaa na chambo mdomoni labda sekunde mbili, akakitema kama mtoto anayetema dawa, akaondoka taratibu.

Tangu siku hiyo beringi hiyo naipaka tone moja la mafuta mepesi, basi. Grisi inakaa kwenye gia. Ukienda dukani, jaribu hivi: bana spuli kwa gumba, sukuma mpini nyuma kwa ghafla mara kumi. Ukirudi hata kidogo, iache kabatini kwao. Na ukiwa hapo, shika kishikio ukitikise juu chini. Ulegevu mdogo leo utakuwa kelele mwezi wa Agosti.

Huduma yetu ni hii. Rili ya maski inafaa kufunguliwa mara moja kwa mwaka, mara mbili kwa anayerusha vijiko kila wikendi. Tunaosha beringi, tunabadilisha grisi ya gia, tunasafisha ule mti wenye mfuo unaopeleka mshipi kushoto na kulia pamoja na kijino chake, ambacho ni kipuri cha bei ndogo na ndicho hufa kwanza kikisahauliwa. Ukiniletea Januari utaipata ndani ya siku tatu. Ukiniletea wiki ya ufunguzi wa msimu wa maski, mwanzoni mwa Juni, naomba usiniite ndugu kwenye simu ili nikupitishe mbele. Ndugu wote wako kwenye foleni. Na ukija, njoo na chambo chako kizito kuliko vyote. Kitanieleza zaidi kuliko maelezo yako.

Kijana wa Eldoret nilimwambia ukweli: gia mpya zipo, zinabadilishika, lakini akirudi kwenye vijiko namba 10 tutaonana tena Septemba. Akakaa kimya, akahesabu kwa vidole. Mwishowe tuliibadilisha gia, rili akampa mkewe wa kuvulia samaki wadogo gatini, na yeye akachukua 400 iliyotumika niliyokuwa nayo kabatini, ya 5.8. Kabla hajatoka alizungusha mpini kama mara ishirini hivi, sikio ameliweka karibu.

"Hii haisemi kitu, fundi."

"Haijalipwa yote," nikamwambia. "Ukimaliza deni Julai, ndiyo itaanza kuongea."

Akacheka, akaacha dola 60 mezani, akaondoka na trela lake.