Kwa mawakili vijana wa usafiri wa anga: mkipanda jukwaani, anzeni na matamko

Wanangu mawakili,

Nimeona majina yenu kwenye ratiba za makongamano, na nimefurahi. Ila nasaha yangu ni hii: msiwasomee watu ibara za Mkataba wa Cape Town, ule wa kimataifa unaolinda haki za wanaokopesha na kukodisha ndege. Ukumbini wamekaa wakodishaji wa ndege, watu wa benki na wa bima, mkataba wanao. Wanachotaka kujua ni kwamba shirika likishindwa kulipa, ndege itatoka nchini lini, na nani anaweza kuizuia.

Jibu limo kwenye matamko ya kila nchi, yaani kauli rasmi ya nchi kuhusu vipengele vya mkataba inavyovichagua. Mkataba na Itifaki yake ya Ndege vilitiwa saini tarehe 16 Novemba 2001, na nchi zinazojiunga ziliachiwa kuchagua mengi. Shikeni Ibara ya XI ya Itifaki. Nchi ikitamka Mbadala A, mojawapo ya chaguo za ibara hiyo kuhusu ufilisi, msimamizi wa ufilisi ana njia mbili tu kabla kipindi cha kusubiri hakijaisha: alipe malimbikizo na kuahidi kutimiza mkataba wa kukodi, au aikabidhi ndege. Urefu wa kipindi hicho huamuliwa na nchi yenyewe. Australia ilitamka siku 60. Msidhani jirani yake alitamka hivyo hivyo. Marekani haikutamka chochote hapo, kwa kuwa kifungu cha 1110 cha sheria yake ya ufilisi tayari kilikuwa na siku 60 zake.

Halafu kuna Ibara ya 39 ya Mkataba, ambayo wasemaji wengi huiruka. Kwa ibara hiyo nchi hutaja madai yatakayokutangulia hata kama hayajasajiliwa popote: mishahara ya wafanyakazi, ada za viwanja, au fundi anayeishikilia ndege mpaka alipwe. Unaweza kuwa wa kwanza kwenye Sajili ya Kimataifa ya haki juu ya ndege kule Dublin, na bado ukakaa nyuma ya fundi.

Mifano muitoe kwenye mambo yaliyotokea. India ilijiunga mwaka 2008 bila kutunga sheria ya kuupa mkataba nguvu juu ya sheria yake ya ufilisi. Shirika la ndege la huko, Go First, lilipoingia kwenye ufilisi Mei 2023, madai yote yalisimamishwa na mamlaka ya anga haikufuta usajili wa ndege. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali iliziondoa ndege kwenye zuio hilo, lakini wakodishaji waliendelea kungoja hadi Mahakama Kuu ya Delhi ilipoamua Aprili 2024. Sheria ya utekelezaji ilikuja 2025. Hapo onyesheni tarehe moja baada ya nyingine. Ukumbi utajumlisha wenyewe miezi ya kodi iliyopotea.

Australia inafundisha jingine. Katika ufilisi wa shirika la ndege la Virgin Australia, mwenye injini nne alitaka zirudishwe Florida kama mkataba wa kukodi ulivyosema. Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema hapana: kukabidhi chini ya Mbadala A ni kumwezesha mwenye mali kuichukua pale ilipo. Gharama za kushusha injini na kuzisafirisha zikabaki kwake. Mteja wako alishaziweka kwenye bajeti?

Kwenye IDERA, yaani idhini isiyotenguliwa ya kufuta usajili na kuitoa ndege nchini, semeni taratibu. Kusajili haki Dublin hakuipeleki IDERA kwa mamlaka ya anga ya nchi ndege ilikosajiliwa; hiyo ni kazi nyingine, yenye karatasi na saini zake. Kosa la kawaida: ndege inauzwa ikiwa bado imekodishwa, mmiliki anabadilika, na IDERA inabaki na jina la yule wa zamani. Lingine ni namba ya utambulisho ya injini. Injini husajiliwa peke yake, si pamoja na kiunzi cha ndege, na tarakimu moja ikikosewa anayetafuta hataiona.

Asubuhi ya siku ya kuzungumza, fungueni orodha ya matamko kwa UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria binafsi, iliyokabidhiwa kuutunza mkataba. Nchi hubadilisha matamko yao, na slaidi ya mwaka jana haijui. Na kesi ya mteja ikiwa bado mahakamani, msiiguse hata mkiulizwa kwa upole.