Mwanangu, Kikombe Usikiache Mezani

Mbulu, Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Nimeona niandike. Nikikupigia simu unasema "sawa baba, sawa baba" mpaka salio linakwisha, na nikikata sijui kama umesikia au umeitikia tu. Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri pamoja na mfuko wa mama yako. Isome kabla hujafungasha mizigo.

Umesema tiketi imetoka, na Jumapili tarehe 7 Desemba mnakimbia marathoni ya Valencia, kule Hispania. Nimefurahi. Nikianza kueleza furaha karatasi itaisha, na nina jambo moja tu: usipokee kitu cha kumeza, cha kunywa wala cha kuchomwa sindano kutoka mkononi mwa mtu. Awe kocha, awe mwenzako wa chumbani, awe mama wa kanisani anayekuonea huruma kwa wembamba wako. Usipokee.

Habari ya Ruth Chepng'etich, yule Mkenya wa marathoni, najua mmeijadili kambini hadi mkachoka. Mimi sijachoka. Nimeifuata tangu ilipotangazwa Julai kwamba amesimamishwa kwa dawa zilizokatazwa, na mwezi uliopita walipotoa hukumu ya kumfungia miaka 3 nilikuwa nimekaa jikoni na redio, uji ukamwagika. Mlango wa stoo unaujua na chaki yangu unaijua. Usiku ule wa tarehe 13 Oktoba 2024, aliposhinda Chicago kwa 2:09:56, nilidhani mtangazaji amechanganya karatasi, anasoma muda wa wanaume. Nusu ya kwanza 1:04:16! Rekodi ya dunia ya wanawake aliyoikuta ilikuwa 2:11:53 ya Mwethiopia Tigst Assefa, aliyoiweka Berlin mwaka mmoja tu kabla. Na mji ni ule ule ambako Mkenya mwenzake Kelvin Kiptum alikimbia 2:00:35 mwaka 2023, rekodi ya dunia ya wanaume, naye hakumaliza hata miezi mitano akafa kwa gari barabara ya Kaptagat. Ruth alisema rekodi yake ni kwa ajili ya Kiptum. Nilichukua chaki nikaandika muda wake mlangoni, chini kidogo ya Ikangaa wetu na 2:08:01 yake ya New York, 1989.

Halafu Septemba hii Simbu wetu akatuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo. 2:09:48, muda sawasawa na yule Mjerumani Petros, mpaka ikabidi watazame picha ya kifua. Nikaandika. Ndipo nikaona namba mbili zimekaa jirani: bingwa wa dunia wa wanaume, na mwanamke wa Chicago, sekunde 8 tu kati yao. Ngoja, usianze kunisahihisha. Najua Tokyo kulikuwa na joto na watu walikuwa wakiviziana. Mbio za ubingwa hakuna anayelipwa kuvuta kasi. Chicago ni tambarare na yeye alivutwa na wanaume. Hayo yote nayajua, nimefundisha michezo miaka 31. Nakuambia tu kwamba niliziangalia zile namba mbili na usingizi ukanipaa.

Mama yako anataka niifute ile ya Ruth. Sijaifuta. Mkojo uliomponza ni wa tarehe 14 Machi mwaka huu. Aliyoyafanya kabla ya hapo yamebaki, na rekodi ya Chicago bado ni yake kwa sheria. Mwalimu hafuti jibu ambalo msahihishaji ameliacha. Lakini na mimi nikipita pale nageuza uso.

Sasa kilichonitoa jasho ni hiki. Nilidhani wamemkuta na ile ya kuongeza damu, ya sindano, vitu vya watu wenye fedha. Kumbe ni kidonge kinaitwa haidroklorothiazaidi. Neno hilo nilihisi nimeshaliona mahali. Nikaenda kabatini, nikatoa pakiti ya dawa za presha za mama yako, nikavaa miwani. Ndiyo hiyo hiyo. Kile kidonge cha kila asubuhi, anachokiweka kwenye bakuli lisilo na mfuniko, pamoja na panadol na vifungo vya shati.

Kidonge chenyewe hakimkimbizi mtu hata hatua moja. Kinamkojoza tu. Ila mkojo ukiwa mwingi unazimua alama za vitu vingine, ndiyo maana wanariadha wamekatazwa. Maabara huripoti kuanzia nanogramu 20 kwa mililita. Kwake walikuta 3,800. Kwanza alisema hajui kimefikaje. Baadaye akasema aliugua akameza dawa ya msichana wake wa kazi. Maelezo hayo hayakumwokoa. Ilikuwa iwe miaka 4, ikapungua mmoja kwa kuwa alikiri mapema.

Kama alikusudia au hakukusudia mimi siwezi kukuambia, na wewe usijitie kujua. Mimi nilichobaki nacho ni lile neno, dawa ya msichana wa kazi. Kwa sababu Pasaka ulipokuja ulisema kichwa kinakugonga, na mama yako akakuletea kidonge kutoka bakuli lile lile, na maji kwenye kikombe changu. Anaapa kilikuwa cha kichwa. Mama yako haoni vizuri jioni, wewe unajua. Mimi nilikuwa barazani nacheka na mjomba wako habari za ng'ombe wake. Nimekaa na jambo hilo tangu Julai bila kumwambia mtu.

Sheria yao, mwanangu, haianzi kwa kuuliza nani alikupa. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako.

Na ile chupa ya mnadani uliyokunywa kule Moshi. Sitaisimulia, tumbo lilikuwa lako. Mwezi wa nane nilikwenda mnadani kumtafuta yule muuzaji, nikamkuta bado yupo, na turubai lile lile. Nikamwuliza ndani mlikuwa na nini. Akacheka, akasema, "Mwalimu, dawa ikitajwa inapungua nguvu." Nikamnunulia chai na maandazi mawili ili aseme. Akanywa chai, akala maandazi, hakusema. Siku ile ya Moshi hawakukupima. Nimemwuliza kocha wako kwa kuzungukazunguka, bila kumwambia sababu. Akanijibu, bila hata kufikiri, kwamba mikojo wanaweza kuitunza miaka 10 na kuipima tena. Nikarudi nyumbani nahesabu vidole kwa jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo ninapokuambia usipokee chupa isiyo na maandishi, namaanisha hata kama anayekupa ni mtu unayemwamkia shikamoo. Hata kama ulipokataa mara ya kwanza alikukasirikia akasema humheshimu.

Basi.

Kocha amenieleza kwamba mezani, kila kilomita 5, kila mmoja wenu wa mbele ana chupa zake. Zijaze mwenyewe. Zifunge mwenyewe, ziwekee utepe wa rangi usiofanana na wa mtu. Unga wa kuongeza nguvu usinunue kwa sababu bingwa fulani ameshika kopo lake kwenye picha. Kiwandani vitu huchanganyika na aliyeshika kopo hatakuja kukutetea. Dripu ndiyo usiisogelee kabisa. Kuna vijana wakitoka mazoezi magumu wanapita zahanati "kurudisha maji". Wewe kunywa maji, kula ugali. Ukiugua kweli, neno la kwanza kwa daktari, kabla hujataja kinachouma, ni kwamba wewe unapimwa. Na usione aibu kumpigia kocha usiku wa manane kumsomea jina la dawa. Na kule hotelini ukiinuka kwenda msalani, kikombe usikiache mezani. Ukikiacha, mwaga, chukua kingine. Watakuona una maringo. Wakuone.

Tena simu. Kocha anasema ukiingia kwenye ile orodha ya wanaopimwa bila taarifa, unatakiwa utaje saa moja ya kila siku utakapopatikana, na ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa sawa na kukutwa na dawa. Wewe ambaye simu yako inazimika kila Jumamosi! Wewe uliyesema uko Arusha kumbe uko Babati kwenye harusi! Nunua betri ya akiba. Sikutanii.

Kuhusu mbio zenyewe sina la kusema, kocha yupo. Watakuambia Valencia ndiko watu wasiojulikana hutokea: Kiptum alianzia hapo hapo mwaka 2022 kwa 2:01:53, na nyuma yake alikuwa Geay wetu, 2:03:00, rekodi ya taifa. Watakutajia na 2:18:41 ya Magdalena Shauri wetu alipokuwa wa tatu Berlin. Wasikilize, uitikie "sawa" kama unavyoniitikia mimi. Nusu marathoni yako ya 1:09 haikupi haki ya kudai kitu kilomita ya 35. Nimeona kwenye picha mnamalizia juu ya daraja la bluu lililotandazwa juu ya maji. Usiteleze. Hilo ndilo lote.

Hotuba ya mzee Akhwari, yule aliyemaliza marathoni akichechemea, sitakupa, uliimba shuleni mpaka ikakukinai. Ila muda wake nimeuandika mlangoni pia, juu kabisa: Olimpiki ya Mexico 1968, 3:25:27, wa 57 kati ya 57 waliofika. Watoto wa jirani wanadhani nimekosea mstari.

Kuna neno la chuo. Ulibakiza muhula mmoja. Nilisema maneno siku ile na sirudi nyuma hata neno moja, cheti cha ualimu hakifungiwi miaka 3. Lakini juzi mwalimu mkuu mpya alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Wewe ndiye baba yake yule wa mbio?" Miaka 31 nimefundisha wilaya hii, na sasa najulikana kwa miguu ya mtu mwingine. Sikumsahihisha. Nilinunua nyanya nyingi kuliko zilizohitajika.

Kaka yako anataka pikipiki, usimsikilize. Akikupigia mwambie aongee na baba.

Utasikia pia habari ya mabati. Ni kweli nimechukua mabati 42 ya geji 28 kwa mkopo, kwa sababu upande wa jikoni unavuja na mvua za vuli hazikungoja mtu. Mwenye duka aliniuliza nitalipa lini, nikasema Desemba. Nilisema Desemba kwa kuwa ni mwezi ambao mahindi ya mtu yanaweza kununuliwa kwa bei, si kwa sababu nyingine yoyote. Kama mtu amekuambia nilitaja Valencia pale dukani, nilitaja kama habari tu, watu walikuwa wanazungumza. Wewe usikimbie na mabati mgongoni. Nimeshapanga kumwuza yule dume mweusi ikibidi, na mama yako ameshakubali, ingawa alikubali akiwa anapepeta mahindi na sikuona uso wake.

Ng'ombe wa madoa amezaa jike. Maziwa yapo. Ule mparachichi uliougombeza una maua. Bakuli la dawa nimelitoa. Dawa za mama yako sasa zipo kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, juu ya kabati la chumbani, na nimeandika PRESHA kwa herufi kubwa. Amenuna siku mbili, anasema namfanya kama mgonjwa wa wodi. Amenyamaza nilipomsomea lile jina la kidonge polepole.

Kwenye mfuko utakuta sweta la bluu, soksi mbili, na unga kilo mbili ambao mama yako amesaga mwenyewe na mimi nilikuwepo. Asali haimo. Najua alikuambia kwenye simu kwamba anakutumia asali, na alishaifunga kwenye chupa ya maji ya dukani, akaizungushia gazeti. Ni ya mzinga wa shemeji yako, nyuki wale wale, hakuna anayeishuku. Lakini chupa haikuwa na maandishi. Nimeitoa usiku wakati amelala, nimeiweka stoo nyuma ya mlango. Asubuhi atanipigia kelele, na basi litakuwa limeshaondoka.

Baba yako